Mialiko, maua ya karatasi na mishumaa: kazi za mikono za harusi, kutoka kimoja hadi mia

Mshumaa mmoja mzuri ni kazi ya jioni moja. Mishumaa mia inayofanana, yote ikiwaka sawasawa na lebo zake zimekaa wima, ni kazi nyingine kabisa. Hapo ndipo maharusi wengi waliosema "tutajitengenezea wenyewe" hukwama: kadi 40 zimekatwa, 80 bado, gundi imeisha na siku zimebaki tisa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unashika vitu vitatu tu ambavyo jasho lake halipotei: kadi ya mwaliko, waridi la karatasi ya krepu, na mshumaa wa glasi wa kumpa mgeni aende nao nyumbani. Kila kimoja kina vipimo vya kipande kimoja, kisha njia ya kukizidisha bila kukiharibu.

Kabla mkasi haujagusa karatasi

Hesabu waalikwa mara mbili, kwa njia mbili. Kadi huhesabiwa kwa nyumba: mume, mke na watoto wao wanapata kadi moja. Zawadi huhesabiwa kwa kichwa. Wageni 150 mara nyingi ni kadi 70 au 80 tu, na asiyefanya hesabu hii hununua karatasi mara mbili ya anayoihitaji. Juu ya idadi hiyo ongeza asilimia 10 kwa kitu chochote kinachokatwa au kuandikwa kwa mkono, kwa sababu vitaharibika tu.

Kisha tengeneza kumi, kamili, hadi mwisho, na upime muda kwa saa. Usipime cha kwanza, kwa kuwa kinachelewa na mikono haijazoea. Pima cha kumi. Kama waridi la kumi limekuchukua dakika 12 na unataka 120, hizo ni saa 24 za kukaa kitini, yaani vikao nane vya saa tatu tatu. Hesabu hiyo ikikutisha, huu ndio wakati wa kupunguza idadi au kuita ndugu, si wiki ya mwisho.

Karatasi, utepe na krepu nunua zote kwa mkupuo mmoja. Rangi yenye jina lile lile hutofautiana kati ya shehena moja na nyingine. Tofauti hiyo huioni dukani. Utaiona kadi zikipangwa mezani ubavu kwa ubavu.

Kadi ya mwaliko

Chagua bahasha kwanza, kadi baadaye. Bahasha zina vipimo visivyobadilika, na kadi uliyoikata kwa upana unaoupenda wewe inaweza kukosa bahasha ya kuingia. Karatasi ya A4 (milimita 210 kwa 297) inatoa kadi mbili za A5 au nne za A6. Kadi ya A6, milimita 105 kwa 148, huingia kwenye bahasha ya C6, milimita 114 kwa 162. Kadi ya A5 huingia kwenye C5. Nafasi hiyo ya ziada ina kazi yake: ukifunga utepe au kuongeza karatasi ya ndani, kadi hunenepa, na bahasha inayobana hupasuka kwenye pembe.

Uzito wa karatasi ndio unaoifanya kadi ionekane kadi. Chini ya gramu 200 kwa mita ya mraba inalegea mkononi kama tangazo. Gramu 250 hadi 300 inasimama vizuri, lakini printa nyingi za nyumbani hazipendi karatasi nzito kuliko gramu 250, hasa zinazoizungusha karatasi kutoka trei ya chini. Kama printa yako ina njia ya kuingizia karatasi kwa nyuma, itumie, kwa sababu huko karatasi haipindwi sana. Weka karatasi moja moja. Kwenye mipangilio chagua aina ya karatasi nene. Ukiacha "kawaida", wino hupakazika au karatasi husokotana na roli.

Karatasi inayong'aa haifai kwa printa ya wino isipokuwa imeandikwa kuwa ni ya wino, la sivyo herufi zitafutika kwa kidole. Printa ya leza haina tatizo hilo, lakini poda yake hupasuka kwenye mkunjo. Hivyo usiweke rangi nzito inayokatiza pale kadi inapokunjwa. Acha milimita 5 tupu kati ya maandishi na kila ukingo utakaokatwa; mkono ukiteleza kidogo, hakuna atakayejua.

Kukata ni kisu cha karatasi, rula ya chuma na ubao wa kukatia. Rula ya plastiki huliwa na kisu, na kuanzia hapo kila mstari unapinda. Simama unapokata, shika rula kwa vidole vilivyotanuliwa, na pitisha kisu mara tatu au nne kwa mkono mwepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Karatasi ikianza kuchanika kwenye pembe badala ya kukatika, vunja ncha ya kisu na uendelee na ncha mpya.

Kama kadi yako inakunjwa, tafuta kwanza mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Pinda karatasi nzima taratibu kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuivunja. Upande unaokubali kirahisi ndio mkunjo unaokwenda sambamba na nyuzi, na kadi ikunjwe hivyo. Ukikunja kinyume chake, mgongo unachakaa kama nguo iliyopauka. Kabla ya kukunja chora mstari wa mkunjo kwa kitu butu: kalamu ya wino iliyokauka, au mgongo wa kisu cha mezani. Mstari huo unaacha mfereji upande mmoja na tuta upande wa pili. Tuta liwe ndani ya mkunjo. Wengi hukunja kinyume kwa sababu macho yanaona mfereji na kudhani karatasi iangukie humo. Jaribu vyote viwili kwenye kipande cha taka na utaona mgongo upi umekaa safi.

Karatasi ya kalki juu ya kadi inapendeza sana na inasumbua sana. Gundi yoyote inaonekana kupitia kwake, na gundi ya maji huifanya ijikunyate. Ifunge kwa utepe, au kwa pini ya matundu mawili juu, au ibandike kwa kipande cha gamu ya pande mbili mahali patakapofunikwa na pambo. Utepe wa kuzunguka kadi ya A6 kwa upana na kufungwa fundo la kipepeo unataka takriban sentimita 55; fundo moja la kawaida lenye mikia mifupi linatosheka na 35. Kata wa kwanza, ufunge, upime uliobaki, ndipo uzidishe kwa idadi. Ncha za utepe wa nailoni zipitishe karibu na moto wa kiberiti, sekunde moja tu, ili zisifumuke.

*Lakiri*

Muhuri wa lakiri, nta ya rangi ya kufungia bahasha, wenye herufi za kwanza za majina ya maharusi ndio unaoipa bahasha heshima yake, na ndio unaoharibu bahasha nyingi kuliko hatua nyingine yoyote. Kosa ni kuimimina moja kwa moja juu ya bahasha, moja baada ya nyingine. Ya nane ikikosea, umepoteza bahasha, anwani na kadi.

Mimina mihuri yote pembeni, juu ya karatasi ya kuokea isiyonata. Kwa muhuri wa chuma wenye upana wa sentimita 2.5, mimina tone la upana wa sentimita 2 hivi, maana litatanuka likigandamizwa. Muhuri uwe umekaa juu ya barafu au kitambaa chenye maji baridi, kisha ukaushwe. Muhuri wa moto hung'ang'ania lakiri na kuing'oa. Subiri sekunde 5 hadi 10 uso wa lakiri uanze kufifia, weka muhuri bila kusukuma, uache utulie kwa uzito wake. Baada ya sekunde 20 unatoka wenyewe. Usipotoka, usiuvute, usubiri. Mingine itatoka na Bwana Herufi amekatika mguu: irudishe kwenye kijiko cha kuyeyushia iyeyuke upya. Mizuri ibandike kwenye bahasha kwa kidoti cha gundi ya pande mbili.

Kama bahasha zitapita posta, tumia lakiri inayopindika, si ile ngumu ya zamani inayovunjika kama kigae, au uitie bahasha yenye lakiri ndani ya bahasha nyingine ya kawaida.

Mambo mawili ya maandishi kabla ya kuchapa zote. Hakikisha siku ya wiki inalingana na tarehe; hili ndilo kosa linalopita mbele ya macho ya watu wengi, kwa sababu kila mmoja anasoma majina. Na kama mnatuma kikadi cha kujibu, andika nyuma yake kwa penseli, pembeni kabisa, namba ya mgeni kwenye orodha yenu. Kuna watakaojibu "tutakuja, watu wanne" na kusahau kuandika ni nani.

Waridi la krepu

Krepu ziko za namna nyingi, na nyembamba ile ya kupambia kuta haitoi waridi. Tafuta nzito, ya gramu 160 au 180, inayouzwa kwa roli la sentimita 50 kwa 250. Ina mistari midogo ya mikunjo, na mistari hiyo ndiyo siri yote: karatasi hutanuka kukatiza mistari, haitanuki kufuata mistari. Petali ikatwe mistari ikiwa imesimama wima, kutoka shina kwenda ncha. Ukiikata mistari ikilala, hutaweza kuipa petali tumbo, na ua litabaki bapa hata ufanyeje.

Waridi moja la kati linahitaji petali 15: tano ndogo (upana sentimita 4, urefu 5), tano za kati (5 kwa 6) na tano kubwa (6 kwa 7). Umbo ni la tone lililogeuzwa, pana juu na jembamba chini. Tengeneza violezo vitatu vya kadi ngumu. Roli moja, ukihesabu na taka, linatoa mawaridi 20 hadi 25 bila majani.

1. Kata waya wa shina wenye unene wa takriban milimita 1.2, urefu sentimita 25. Kunja ncha iwe kitanzi kidogo ili kiini kisichomoke.
2. Sokota pamba kwenye kitanzi iwe na umbo la yai dogo la urefu wa sentimita 3, uifunike kwa kipande cha krepu na kukaza chini kwa uzi.
3. Kata petali ukipanga tabaka nne tu kwa pamoja. Zikizidi, za chini huteleza na kutoka ndogo.
4. Shika petali katikati kwa vidole gumba viwili na uvute taratibu kwenda pembeni mpaka ipate tumbo kama la kijiko. Fanya mara moja. Mikunjo ya krepu ikishafunguka hairudi. Ukingo wa juu usiuguse.
5. Kwa petali za kati na kubwa, viringisha ukingo wa juu kwenda nje kwa kijiti cha mshikaki. Ndogo ziache zimejifunga.
6. Gundisha petali ndogo kuzunguka kiini, kila moja ikifunika nusu ya mwenzake. Gundi iguse sentimita moja ya chini tu.
7. Petali ya kwanza ya safu ya kati ianzie kwenye pengo kati ya mbili ndogo, na safu kubwa ishuke milimita 2 au 3 chini ya ile ya kati.
8. Funga kitako kwa vijani vitano vyenye ncha, kisha zungusha utepe wa maua hadi mwisho wa shina. Utepe huo haunati mpaka uvutwe, uvute unapozungusha.

Gundi nyeupe nzito, tone dogo, ndiyo nzuri kwa petali. Ikiwa ya majimaji inaloweka krepu na kuitoa rangi, na doa hilo halifutiki. Gundi ya moto ni ya haraka lakini huacha mabonge. Iache kwa kitako na shina.

Ua likitoka kama kabichi, petali hazikuvutwa vya kutosha au zote zimewekwa kwa urefu mmoja. Likiwa na kitako kinene kama pipi ya kijiti, punguza upana wa petali chini, mahali pa gundi. Likilala wazi kama sahani, petali zimevutwa kupita kiasi, na hilo halina dawa isipokuwa kuling'oa petali za nje na kuanza na nyingine.

Ukija kwenye wingi, usitengeneze ua baada ya ua. Kata zote, vuta zote, ndipo uunganishe. Kama mko watatu, mmoja akate, mmoja avute, mmoja aunganishe, na wasibadilishane: mkono wa kuunganisha ndio unaolipa ua sura, na mikono mitatu itatoa maua ya aina tatu. Halafu, si lazima kila ua liwe la petali 15. Chumba kikiwa na watu, hakuna anayehesabu petali. Theluthi moja iwe mawaridi kamili na zilizobaki ziwe chipukizi za petali tano juu ya kiini. Shada linakuwa na uhai zaidi kuliko likijaa maua makubwa matupu, na kazi ya petali inapungua karibu nusu. Shada la bibi harusi linatosheka na mawaridi 12 hadi 15 na chipukizi za kujazia.

Maua haya hukaa miezi bila kubadilika yakiwekwa kwenye sanduku lenye kifuniko, yamesimamishwa ndani ya vikombe au yamechomekwa kwenye sponji ngumu. Adui zake ni jua, linalopausha hasa nyekundu na zambarau, na maji. Shada lililolowa likiguswa na gauni jeupe, rangi inahama.

Mshumaa wa glasi

Hapa kuna moto, kwa hiyo hapa hapana kubahatisha. Nta ya soya ndiyo rahisi kwa anayeanza: huyeyuka kwa joto dogo, haisinyai sana ikipoa, na huoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Parafini inawaka vizuri pia, ila husinyaa ikaacha shimo kuzunguka utambi na kudai kumiminwa mara ya pili. Chagua soya iliyoandikwa kuwa ni ya vyombo. Ile ya mishumaa ya kusimama yenyewe ni ngumu na hubanduka kwenye kioo.

Glasi iwe nene, yenye kitako bapa na mdomo usiokuwa mwembamba kuliko tumbo. Chupa ndogo za jemu zenye ubavu ulionyooka zinafaa, kwa kuwa zimetengenezwa kustahimili vitu vya moto. Glasi nyembamba za kunywea hupasuka, na hazipasuki unapomimina. Hupasuka mshumaa ukikaribia kwisha, moto ukiwa chini, mgeni akiwa nyumbani kwake.

Kipimo cha nta: jaza glasi maji hadi pale itakapoishia nta, yaani sentimita 1 au 1.5 chini ya mdomo, upime maji hayo kwa mizani. Zidisha kwa 0.9. Glasi iliyobeba gramu 100 za maji inataka gramu 90 za nta. Kwa mishumaa 100 hizo ni kilo 9, na ukiongeza ziada, nunua kilo 10. Manukato ni asilimia 6 ya uzito wa nta: gramu 5.4 kwa mshumaa huo, gramu 540 kwa mia. Pima kwa uzito, kamwe si kwa matone wala vijiko. Na yawe mafuta ya manukato ya mishumaa. Marashi ya kupaka mwilini yana spiriti, na spiriti juu ya nta ya moto inashika moto.

Utambi ndio moyo wa mshumaa na ndio watu hununua kwa kukisia. Unachaguliwa kwa kipenyo cha ndani cha glasi, na pakiti huandika unafaa kipenyo gani. Nunua tatu: unaopendekezwa, mmoja chini yake na mmoja juu yake. Tengeneza mishumaa mitatu, iache wiki mbili, kisha iwashe yote kwa pamoja na ukae nayo. Kadiria saa moja kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo. Kwenye glasi ya sentimita 6, baada ya saa mbili na nusu hivi, dimbwi la nta iliyoyeyuka liwe limefika ukingoni au limebakiza milimita chache, na kina chake kisizidi sentimita moja. Utambi mdogo mno huchimba shimo katikati na kuzama. Mkubwa mno hutoa moto mrefu unaochezacheza, moshi mweusi, uyoga wa masizi kichwani, na glasi isiyoshikika. Ukisita kati ya miwili inayopita, chukua mdogo.

Siku ya kumimina, panga glasi kwenye meza mbali na feni na dirisha, zikiachana angalau sentimita 5. Zipashe kidogo ziwe vuguvugu. Bandika kisahani cha utambi katikati ya kitako, na juu ushikilie utambi kwa kibanio cha nguo kilicholazwa mdomoni.

Yeyusha nta ndani ya jagi la chuma lililokaa kwenye sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Usiiweke moja kwa moja juu ya moto na usiondoke jikoni. Ikiwa mtengenezaji wa nta ameandika joto lake, fuata lake. Kama hakuandika, anza hivi: ipashe hadi nyuzi 75 au 80, itoe, tia manukato, koroga polepole kwa dakika mbili kamili, iache ishuke hadi nyuzi 55 au 60, mimina kwa mkondo mwembamba. Kukoroga kwa pupa huingiza hewa, na hewa hutoka baadaye kama vishimo. Kukoroga kwa sekunde kumi huacha manukato yamejitenga chini, na mshumaa utanuka sandukuni ila ukiwashwa haunukii.

Nta ikishika moto, zima jiko na funika chombo kwa kifuniko. Usimwage maji; maji hugeuka mvuke mara moja na kurusha nta inayowaka chumba kizima. Na nta iliyobaki isimwagwe kwenye sinki, itaganda bombani.

Jagi lenye kilo 1.5 linatoa mishumaa 16. Mia moja ni mizunguko saba. Ukiwa na majagi mawili, moja linayeyuka huku jingine likipoa kufikia joto la kumimina, na kazi yote inaisha siku moja. Andika joto la kumimina la kila mzunguko kwenye karatasi. Mzunguko wa nne ukitoka na uso wenye mabonde na wa tatu ukatoka laini, utajua kwa nini.

Kuhusu kasoro, nyingi ni za macho tu. Ukungu mweupe kama baridi iliyoganda ni tabia ya soya. Ukiepuka rangi na kuacha nta nyeupe, hautaonekana. Mabaka ya kioo, pale nta ilipoachana na glasi, hayana madhara. Uso uliopasuka au wenye vishimo unatibiwa kwa mashine ya kukaushia nywele: yeyusha milimita 2 au 3 za juu, uache upoe. Matone ya mafuta juu ya nta ni kasoro ya kweli, maana manukato yamezidi. Usiigawe hiyo.

Halafu kuna maua makavu. Picha za mishumaa iliyopambwa petali na majani juu ya nta zinavutia, lakini petali kavu ni utambi wa pili. Moto ukilifikia dimbwi lenye majani, glasi nzima inawaka. Funga ua nje, kwenye shingo ya glasi, kwa uzi utakaofunguliwa kabla ya kuwasha.

Baada ya saa 24 kata utambi ubaki milimita 5 na ubandike lebo. Iache mishumaa wiki mbili kabla ya siku yake ili manukato yashikamane na nta. Chini ya glasi bandika kikaratasi cha maonyo: kata utambi kila unapowasha, usiwashe zaidi ya saa nne mfululizo, usiuache peke yake, uzime ukibaki sentimita moja.

Jina la nani liandikwe?

Kawaida ni kuandika majina ya maharusi na tarehe, makubwa, mbele. Lakini mgeni hana matumizi na glasi yenye majina ya watu wengine. Baada ya wiki itakuwa imeingia kabatini. Andika jina la mgeni mwenyewe mbele, na la maharusi dogo, kwa chini. Mshumaa huo huo ukiwekwa mezani unamwonyesha mtu kiti chake, na mmeokoa kazi nzima ya kutengeneza vikadi vya viti.

Ubaya wake ni kwamba majina hubadilika hadi siku za mwisho. Kwa hiyo lebo ya jina la mgeni isibandikwe. Iwe kikadi cha sentimita 4 kwa 6 chenye tundu, kinachofungwa shingoni. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika, umeijaribu kwenye karatasi ile ile, kwa sababu wino unaosambaa kwenye nyuzi hugeuza "Asha" kuwa doa. Kata vikadi mapema, andika majina mwisho, siku tano au sita kabla.

Mpangilio wa muda unajitokeza hapo wenyewe. Maua ya krepu kwanza, hata miezi mitatu kabla, kwa kuwa hayaharibiki. Kadi zifuate, zitoke mikononi mwenu mapema kadiri wageni wanavyohitaji kupanga safari. Mishumaa imiminwe wiki nne kabla: mbili za kutulia na mbili za kurudia mzunguko ulioharibika. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa saa moja. Nta ya soya hulainika na nyuso zote ulizozinyoosha zitalala upande mmoja.

Pakieni kwa meza, si kwa aina. Sanduku la meza ya 7 liwe na mishumaa ya meza ya 7 yenye majina yake, na maua yake, na namba ubavuni kwa kalamu nene, ili anayepanga ukumbini asiulize mtu. Sanduku la mwisho liwe dogo: mkasi, gundi ya pande mbili, utepe mita tano, mawaridi matatu ya akiba, kiberiti, mishumaa mitano isiyo na jina, vikadi kumi vitupu, na kalamu ile ile iliyoandikia majina mengine.